Dido Amesingiziwa

Yuko malkia mmoja aliyekufa zamani sana, wala hana mtoto wala mjukuu wa kumtetea, naye ametukanwa kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi. Jina lake ni Dido, na watu wake walimwita Elissa. Ndiye asemwaye kuwa alijenga mji wa Karthago katika pwani ya kaskazini ya Afrika, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Tumesikia walimu, tena walimu wenye vyeti, wakimtaja mbele ya watoto kuwa ni mfano wa mwanamke aliyeshindwa na tamaa, akaacha kazi ya mji wake kwa ajili ya mgeni aliyetupwa na bahari, na mgeni alipokwenda zake akajiua. Kisha husema, "Ndivyo ilivyo katika historia ya Warumi." Sisi twasema, sivyo. Hivyo ndivyo asemavyo mshairi mmoja wa Warumi, na Warumi walikuwa adui wa mji wake.

Kwanza na tuueleze utenzi wenyewe, kwa kuwa si wote waliopata kuusoma. Mshairi ni Publius Vergilius Maro, aliyezaliwa mwaka 70 kabla ya Kristo katika kijiji karibu na mji wa Mantua, upande wa kaskazini wa Italia. Alianza kuutunga utenzi huo, uitwao Aeneis, karibu na mwaka 29 K.K., akafanya kazi miaka kumi na zaidi. Alikufa Brundisium mwaka 19 K.K., kabla hajaumaliza kama alivyotaka, naye aliagiza uteketezwe kwa moto. Kaisari Augusto akakataza, akawaamuru rafiki za marehemu wautengeneze na kuutoa. Ndiye Augusto yule yule ambaye Injili ya Luka yamtaja, kwamba alitoa amri watu waandikwe. Utenzi una vitabu 12 na mistari karibu 9,900.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Wayunani waliuteketeza mji wa Troya. Aeneas, mwana wa Anchises, akatoka katika moto hali amembeba baba yake mgongoni na kumshika mwanawe mkono; mkewe akapotea njiani. Akatangatanga baharini miaka saba, akitafuta nchi aliyoahidiwa na miungu yake. Tufani ikamtupa Karthago. Huko Dido akampokea, akamlisha na kumkirimu, akampenda. Miungu ikamwamuru Aeneas aondoke, akaondoka. Dido akapanda juu ya rundo la kuni, akajichoma upanga. Aeneas akaenda Italia, akashuka kuzimu kuonyeshwa wajukuu zake watakaotawala, kisha akapigana na Turnus kwa ajili ya nchi na kwa ajili ya Lavinia, binti wa mfalme Latinus. Akamwua Turnus, na hapo utenzi unakoma ghafula, kama mlango uliofungwa kwa kishindo.

Hatusemi ya kuwa utenzi huo ni mbaya. Wenye kujua Kilatini wamekiri tangu zamani kwamba hakuna aliyepanga maneno ya lugha ile vizuri kumpita yeye, na vijana wa Rumi walijifunza kusoma kwa utenzi huo. Ndiyo sababu twaandika. Uongo uliosemwa vibaya hufa upesi. Uliosemwa vizuri hupewa kiti barazani, ukaitwa mzee.

Basi na tuhesabu miaka. Eratosthenes, mwenye elimu wa Kiyunani, alihesabu ya kuwa Troya ulianguka mwaka 1184 K.K. Wachimbaji wa siku zetu waliofukua kilima cha Hisarlik katika nchi ya Uturuki, ambako Schliemann alianza kuchimba katika mwaka 1870, wameona mji ulioteketea karibu na wakati huo. Na Karthago je? Timaeus wa Sisilia, aliyeandika katika karne ya tatu K.K., alisema ulijengwa miaka 38 kabla ya michezo ya kwanza ya Olimpia, yaani mwaka 814 K.K.; na vitu vilivyofukuliwa pale havitoki kabla ya karne ya tisa. Toa hesabu hiyo, utapata miaka 370. Tangu Wareno walipotolewa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698 haijatimia miaka 370 hata leo. Je, mtu akikuambia ya kuwa bibi yake mzaa mama alichumbiwa na nahodha wa Kireno wa siku zile, na kwamba alilia sana nahodha alipotweka tanga, utamsadiki kwa sababu amelisema jambo hilo kwa vina?

Warumi wenyewe walijua taabu ya miaka. Walisema mji wao ulijengwa na Romulus mwaka 753 K.K., nao walitaka Aeneas awe babu yake. Palikuwa na pengo la zaidi ya miaka mia nne. Wakalijaza kwa orodha ya wafalme wa Alba Longa, mmoja baada ya mmoja, kama mtu azibaye tundu la ukuta kwa majani. Walakini kwa Dido hawakujaribu hata kuziba.

Sasa sikilizeni habari ya kale, kabla haijatiwa mikono. Timaeus aliitaja, na Trogus, aliyeandika historia kubwa kwa Kilatini katika zama zile zile za Augusto, aliieleza. Kitabu chake kimepotea, lakini Justinus alikifupisha, na ufupisho huo tunao.

Elissa alikuwa binti wa mfalme wa Tiro, mji wa Wafoinike ambao wasomaji wa Biblia wanaujua sana. Aliolewa na Acerbas, kuhani mkuu mwenye mali nyingi, ambaye Vergilius amwita Sychaeus. Ndugu yake Elissa, mfalme Pygmalion, aliitamani mali ile, akamwua shemeji yake. Elissa hakupiga kelele. Alificha huzuni yake, akakusanya wakubwa waliomchukia mfalme, akaingia merikebuni usiku na hazina ya mumewe, akatoroka. Akapita Kipro, akachukua huko wasichana 80 wawe wake za vijana wake, ili watu wake wasiishe. Akafika Afrika. Kwa wenyeji alinunua ardhi kadiri iwezayo kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe; kisha akaikata ngozi ile kuwa ukanda mwembamba mno, akazungusha mahali pakubwa kuliko walivyodhani. Twakubali ya kuwa hila hiyo si haki sana, na wenyeji walikuwa na sababu ya kunung'unika. Tena yasemekana walilipwa kodi ya ardhi ile mwaka kwa mwaka. Lakini ni hila ya mtu mwenye akili timamu, si ya mwanamke aliyepofushwa na mapenzi.

Mji ukastawi. Ndipo Iarbas, mfalme wa watu wa nchi ile, akawaita wakubwa kumi wa Karthago, akasema, "Nipeni malkia wenu nimwoe, ama nitawapiga vita." Wakaogopa kumwambia Elissa neno hilo kama lilivyo. Wakaja kwa hila: wakasema mfalme anataka mtu wa kumfundisha yeye na watu wake desturi za mji, lakini ni nani atakayekubali kuacha ndugu zake akaishi porini? Elissa akawakemea, akawauliza kama wanakataa maisha magumu kwa ajili ya nchi yao, hali wajibu wa mtu ni kutoa hata uhai kwa ajili yake. Hapo wakamfunulia neno lenyewe, wakamwambia, hukumu uliyotutolea sisi uifuate wewe. Akanaswa kwa maneno yake mwenyewe.

Alilia sana, akimtaja mumewe. Akaomba miezi mitatu. Ilipokwisha akaamuru kuni zirundikwe mwisho wa mji, kana kwamba anataka kuituliza roho ya marehemu kabla ya kuolewa tena. Akachinja wanyama wengi, akapanda juu ya rundo akiwa na upanga, akawageukia watu akawaambia anakwenda kwa mume, kama walivyotaka. Akajiua.

Hatusifu kujiua. Mtakatifu Augustino, naye ni mtu wa Afrika, amelijadili jambo hilo kwa urefu katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, katika habari ya Lucretia wa Rumi, akakata kwamba mtu hana ruhusa ya kujitoa roho. Lakini itazameni sababu. Elissa wa kale alikufa kwa kumkataa mwanamume. Dido wa Vergilius alikufa kwa kumkosa mwanamume. Rundo la kuni ni lile lile. Upanga ni ule ule. Hata Iarbas yumo ndani ya utenzi, ndiye mchumba aliyekataliwa. Na kiapo cha mjane kwa marehemu Sychaeus kimo pia. Mshairi alichukua kila kitu katika nyumba ile, akaacha heshima ya mwenye nyumba tu. Huyo si mtu asiyeijua habari. Ni mtu aliyeijua vizuri.

Kwa haki tuseme ya kuwa si yeye peke yake. Varro, mwenye elimu mkubwa wa Rumi, mkubwa wake kwa umri, alisema aliyejiua kwa kumpenda Aeneas ni Anna, umbu lake Dido. Basi maneno ya kumleta Aeneas katika nyumba ile yalikuwa yamekwisha kuanza mjini Rumi. Lakini katika masimulizi hayo Dido mwenyewe alikuwa hajatiwa doa. Aliyemtia ni Vergilius, akamtia kwa wino usiofutika.

Mashahidi wetu ni watu gani? Wa kwanza ni Tertullianus, Mkristo wa Karthago penyewe, aliyeandika karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Alipotaka kuwaaibisha wajane wa Kikristo waliokuwa na haraka ya kuolewa tena, aliwawekea mbele malkia huyo wa kipagani, akigeuza kwa mzaha maneno ya Paulo: wengine huolewa wasije wakawaka, yeye alichagua kuwaka asije akaolewa. Je, mhubiri angaliweza kusema hivyo katika mji ule, mbele ya watu waliozaliwa pale, kama wenyeji walijua ya kuwa malkia wao alikufa kwa aibu? Wa pili ni Augustino. Yeye aliungama ya kuwa alipokuwa mtoto shuleni alimlilia Dido, wala hakujililia nafsi yake aliyekuwa mbali na Mungu. Watu hulikumbuka neno hilo, husahau linalofuata. Asema, ukiwauliza watu kama ni kweli Aeneas alipata kufika Karthago, wenye elimu kidogo watajibu hawajui, na wenye elimu zaidi watajibu si kweli. Wa tatu ni Macrobius, aliyeandika katika karne ya tano. Alisema watu wote waijua hadithi hii kuwa ni uongo, wajua ya kuwa Dido alikuwa mwanamke safi, na hata hivyo wachoraji, wafinyanzi wa sanamu, wafumaji na wachezaji wa michezo hawana kazi kuliko kumwonyesha yeye na Aeneas, kwa sababu masimulizi ni matamu.

Uongo mtamu ukamfuata hata katika nyakati za Kikristo. Dante wa Italia, katika utenzi wake wa karne ya 14, alimweka Dido katika Jehanamu, miongoni mwa waliotawaliwa na tamaa. Vergilius yuko pale pale, anamwongoza Dante kwa mkono! Mshitaki amekuwa kiongozi wa safari, mshitakiwa anazungushwa na upepo. Petrarca na Boccaccio, waliokuja nyuma ya Dante, walimtetea mjane huyo waziwazi. Lakini wasomaji wa Dante wamekuwa wengi kuliko wasomaji wa utetezi.

Mtu atauliza, Vergilius alikuwa na faida gani? Alikuwa nayo. Rumi na Karthago walipigana vita vitatu: kutoka mwaka 264 hata 241 K.K., kutoka 218 hata 201, na kutoka 149 hata 146. Vita vya kwanza vilianza kwa ugomvi wa mji wa Messana katika Sisilia. Katika vita vya pili Hannibal aliingia Italia na kuwatia Warumi hofu wasiyoisahau. Katika vita vya mwisho Karthago haukuwa tena na nguvu ya kumtisha mtu. Warumi walitaka watoto 300 wa wakubwa wawe rehani; wakapewa. Walitaka silaha zote; wakapewa. Walipokwisha kupewa wakaamuru watu wauhame mji wao, wakakae mbali na bahari. Hapo Wakarthago wakakataa, wakazingirwa miaka mitatu, mji ukateketezwa, na watu wapata 50,000 waliotoka wakiwa hai wakauzwa kuwa watumwa. Baada ya hayo Warumi waliendelea kutumia methali yao ya kale: mtu mdanganyifu huitwa mwenye imani ya Kikarthago!

Basi Vergilius afanyaje? Katika kitabu cha nne amtia Dido laana kinywani kabla ya kufa: kwamba pasiwe na mapatano kati ya watu wake na watoto wa Aeneas, na kwamba mlipiza kisasi atoke katika mifupa yake. Kila Mrumi aliyesoma aliona sura ya Hannibal. Ugomvi wa visiwa, wa biashara na wa kodi umekwisha kugeuzwa kuwa hasira ya mwanamke aliyeachwa. Hakuna tena haja ya kuuliza ni nani aliyewapokonya silaha na kisha kuwachoma moto.

Tena tazameni siku zenyewe. Mwaka 31 K.K. Augusto alimshinda Kleopatra, malkia wa Misri, penye Actium. Mwaka uliofuata Kleopatra alijiua. Warumi walikuwa wamelishwa chuki juu ya malkia wa Afrika ashikaye wakubwa wa Rumi kwa mapenzi. Aeneas wa utenzi aliondoka, alifanya lile ambalo Antonius hakulifanya. Na Augusto alikuwa mtoto wa kupanga wa Julius Kaisari, aliyejidai kuwa ukoo wake watoka kwa mwana wa Aeneas. Mwaka 29 K.K., mshairi alipokuwa anaanza kazi yake, Augusto alipeleka walowezi wa Kirumi kukaa Karthago, juu ya majivu. Mji ukajengwa tena na wana wa waliouvunja. Katika kitabu cha kwanza Aeneas anautazama mji ukijengwa, anawasifu watu wafanyao kazi kama nyuki. Sisi hatuwezi kuisoma sehemu hiyo bila kuwaza ya kuwa masikio ya Augusto yalisikia kitu kingine.

Na kwa nini Wakarthago hawakujibu? Hawakuwa na mkono wa kuandikia. Mji ulipoanguka, Warumi waliwagawia wafalme wadogo wa Afrika maktaba zake, na vitabu hivyo vimepotea. Kimoja tu Baraza la Rumi liliamuru kifasiriwe: kitabu cha Mago juu ya kilimo, mafungu 28. Walitaka kujua namna ya kupanda mizabibu. Habari za malkia hawakuzitaka. Hata hiyo tuliyoieleza sisi tumeipata kwa Myunani na kwa waandishi wa Kilatini. Huenda nayo ina hadithi ndani yake, wala hatutaapa juu ya ngozi ya ng'ombe. Lakini ni hadithi aliyoachiwa na watu wasiokuwa na faida ya kumchafua.

Wako watakaotujibu ya kuwa mshairi ana ruhusa. Twaijua ruhusa hiyo. Mwengo wa Athumani wa Pate, katika utenzi wake wa Tambuka wa mwaka 1728, alisimulia vita vikubwa na Herakli mfalme wa Warumi, hali wenye kujua historia wasema majeshi yale hayakupigana pale. Hakuna aliyedhurika kwa hayo. Kukuza ushujaa wa shujaa ni jambo moja. Kumchukua mjane mwenye jina lake na kaburi lake, ukamvika dhambi asiyoitenda ili babu wa mfalme wako apate kuonekana mtiifu, ni jambo la pili. Na wengine watatuambia, haya ni mambo ya wapagani, Mkristo ana nini nayo? Tertullianus na Augustino hawakuona hivyo. Amri ya tisa, au ya nane kwa hesabu ya wengine, haikusema usimshuhudie uongo jirani yako aliyebatizwa.

Iko hoja moja tunayoikubali nusu. Wenye kumpenda Vergilius husema ya kuwa alimhurumia Dido, na kwamba kitabu cha nne kinamfanya msomaji amchukie Aeneas. Ni kweli kwamba mapenzi yale hakuyaanzisha yeye: Venus alimtuma mwanawe Kupido katika umbo la mtoto wa Aeneas amtie sumu, na Juno akapanga mvua na pango. Ni kweli pia kwamba mshairi mwenyewe, katika kitabu kile kile, aueleza Uvumi kuwa ni jini lenye macho, ndimi na masikio chungu nzima, liletalo kweli na uongo pamoja. Labda dhamiri ilimchoma. Labda ndiyo maana alitaka kuni zitumike kwa utenzi wake pia. Hilo ni dhana yetu tu.

Lakini mwenye kuufundisha utenzi huo na asiishie katika kitabu cha nne. Akifunue cha sita. Huko kuzimu Aeneas anamwona Dido katika giza la msitu, jeraha lake bado bichi. Analia, anajitetea, anamwomba asimame. Malkia anatazama chini, uso wake haugeuki kama jiwe, wala hamjibu neno. Kisha anamwacha, anarudi msituni, kwa Sychaeus mumewe.